Generosa Alivyomkimbia Mkwe Hadi Baharini

Pale Nsemulwa, mtaa wa mji wa Mpanda, mkwe wa Mama Upendo hakuwahi kuhitaji kupiga hodi. Watu walijua kafika kwa kumwona mama mkwe akitoka. Generosa, ndiye huyo Mama Upendo, mwanamke mnene aliyekaribia miaka hamsini, alichomoka mlango wa uani, kanga imefunika kichwa kizima, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akakatiza shamba la mihogo la jirani kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Mtu alisema tu, "Masunga kaja," na kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Kwao Generosa, kule Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hakuna anayetamka jina la mwenzake. Wasukuma wa upande wa Usevya, kwao Masunga, nao wana adabu kama hiyo. Lakini Mpanda ni mji wa watu waliotoka kila upande wakakutana stesheni, na wengi walikuwa wameilegeza mila hiyo kidogo kidogo, kama mtu anavyolegeza mkanda baada ya kushiba. Generosa hakulegeza hata tundu moja. Miaka mitatu tangu binti yake Upendo aolewe, kitu pekee alichokifahamu kwa mkwe wake ni visigino.

Basi siku jirani yake Marsela, muuza vitumbua, alipoonekana anakula ugali sahani moja na mkwe wake mwenyewe, Generosa hakulala na neno hilo tumboni. Alilisema bombani, akalisema sokoni, akalisema hata kwenye mazoezi ya kwaya, katikati ya sauti ya kwanza na ya pili.

"Sahani zilikuwa chache," Marsela alijitetea.

"Na beseni la kuogea likiwa moja, mtaoga wote?"

Kwaya nzima ilicheka. Marsela naye alicheka, ila cheko lake lilikuwa la mtu anayeweka akiba.

Mwaka wa tisini na sita Upendo alijifungua mtoto wa kiume, mbali kabisa, kisiwani Unguja, kijiji cha Jambiani. Masunga alikuwa amepata kazi ya ulinzi huko kwenye hoteli ndogo ya wageni, iliyo mchangani kabisa. Habari ilifika kwa simu ya posta, na Generosa akatangaza kwamba anakwenda kumlea mzazi. Mumewe Celestin, mtu wa reli, alimtafutia nafasi ya treni, akamfungia mchele wa Usevya na dumu la asali.

Kulea mzazi lilikuwa neno la kuwaambia watu. Neno lenyewe alilijua Generosa peke yake. Alikuwa mtoto wa ziwa. Karema aliogelea kabla hajajua kusuka ukili, akawashinda wavulana, akaitwa fisimaji na bibi yake. Kisha akaolewa Mpanda, na tangu hapo maji aliyoyajua ni ya ndoo. Zaidi ya miaka ishirini hajalowa mwili mzima kwa mpigo. Bahari hajaiona, lakini akili yake ilimwambia kwamba bahari ni ziwa lililotiwa chumvi, naye atalala juu yake chali, atazame mawingu, arudi Nsemulwa mwanamke mpya.

Siku ya kuondoka majirani walimjaza maagizo: karafuu, iliki, makombe ya baharini ya kupamba kabati. Marsela hakuagiza kitu. Alimsindikiza hadi stesheni, akamshikia dumu la asali, na treni ilipopiga honi akasema taratibu:

"Mama Upendo, mimi nina swali moja tu. Hapa mkwe akija unakimbilia mihogoni. Huko ni kisiwa. Utakimbilia wapi? Maana ukikimbia sana utaishia majini."

Generosa alifunga dirisha.

*

Bandarini Unguja palikuwa na watu kama kichuguu cha mchwa mvua inapokatika, wapagazi, wageni, wenye mikokoteni, kila mtu anaita. Upendo alikuwa bado hajatimiza arobaini, kwa hiyo hakuja. Aliyekuja ni mumewe. Alisimama kando ya lango, kaipa boti mgongo, kidevu juu, kama askari aliyepewa adhabu. Generosa alishuka, akaangaza chini kati ya miguu yote ile, na akamtambua papo hapo. Visigino vilikuwa vilevile.

Alikohoa. Masunga akaanza kutembea bila kugeuka. Mama mkwe akamfuata hatua kumi nyuma. Walifika kwenye gari la Jambiani namna hiyo, yeye akapanda mbele na mama mkwe nyuma kabisa, wasisemezane neno hadi kijijini.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ukuta wa mawe ya matumbawe. Jioni ile ile Masunga alibeba godoro la sufi, akahamia kwenye kibanda cha walinzi pale hotelini. Upendo, mtoto kifuani, alimtazama mama yake kwa macho ya kucheka na kulia.

"Mama, umekuja kunilea au umekuja kunifukuzia mume?"

"Nimekuja na heshima yangu. Kama haienei humu ndani, yeye ndiye kijana, alale nje."

"Ana mbu huko."

"Mbu wa Usevya wamemshindwa, atakufa na wa huku?"

Masunga, pamoja na kuumwa na mbu, alikuwa na wazo moja kichwani: mama mkwe asirudi Mpanda aseme hakutembezwa. Aliomba siku za mapumziko, akapanga matembezi kama yale wanayofanyiwa wageni wa hoteli yao. Maagizo yalipitia dirishani kwa Upendo, ingawa Generosa alikuwa amekaa umbali wa mkeka mmoja na alisikia kila neno.

"Mwambie mama kesho tunakwenda shamba la viungo."

"Mwambie mwenye nyumba nimesikia."

"Mwambie mama avae viatu vya kufunika."

"Mwambie mwenye nyumba kwetu kuna miiba pia."

Shambani, mwenyeji aliyewatembeza alipata tabu kuliko kazi yake ilivyotaka. Alichuma jani la mdalasini, akampa Masunga alinuse. Masunga akalinusa, akalipeleka nyuma ya mgongo wake bila kugeuka, na mkono wa Generosa ukalichukua kutoka kwenye kanga. Ikaja karafuu, ikaenda nyuma. Ikaja kungumanga, ikaenda nyuma. Mwenyeji yule alimaliza shamba zima akiamini kwamba mama wa watu haoni.

Jioni walikwenda Forodhani, pale mjini, wanapochoma ngisi na kuuza urojo kwa taa za kandili. Masunga alinunua mabakuli mawili. Moja alilila amegeukia bahari, na moja Generosa alilila amegeukia ngome kuu ya zamani. Generosa alionja, akafikiri, akaiambia ngome, "Huu ni uji uliogombana na pilipili." Lakini alimaliza, akalamba na kijiko.

Kesho yake walivuka kwenda kisiwa kidogo cha kobe wakubwa. Mashua ya mashine ilikuwa na ubao mmoja wa kukalia. Hapakuwa na hatua kumi za kuachana. Wakakaa mgongo kwa mgongo, Masunga akitazama wanakokwenda, Generosa akitazama wanakotoka, hivi kwamba kisiwa alikiona baada ya kukanyaga mchanga wake. Njiani alisikia kitu kinagonga nyuma yake. Alidhani ni mashine. Yalikuwa meno ya mkwe wake. Masunga, jitu refu lililokua likichunga ng'ombe, lililowahi kumtimua fisi kwa fimbo tupu, alikuwa ameshika ubao kwa mikono yote miwili na kunong'ona sala.

"Mtu wa ng'ombe," Generosa alijisemea, na kwa mara ya kwanza alimhurumia.

Kobe wale waliwavutia. Mmoja alikuwa mkubwa kama jiwe la kusagia la familia ya watu kumi na wanne. Mlinzi wa kobe alisema ana miaka zaidi ya mia. Generosa alimzunguka, akamtazama usoni, jambo ambalo mkwe wake hajawahi kufanyiwa.

"Kumbe huyu alikuwapo kabla ya mapadre wa Karema," alisema. "Na bado anakula majani tu? Shikamoo, babu."

Akarudi nyumbani na furaha zake zote, lakini moyoni hesabu ilikuwa hailingani. Ameona viungo, ameona kobe, amekula ngisi. Kila siku bahari ilikuwa pale, ya buluu kama kitambaa cha Bikira Maria, na wageni wamelala pembeni yake juani kama dagaa wa Karema walioanikwa. Yeye hajalowesha hata kidole. Kila alipotaka kushuka, visigino vya mkwe vilikuwa mbele. Ataingiaje majini, kanga imegandamana mwilini, mbele ya mwanaume aliyemwoa binti yake? Bora arudi mkavu.

*

Siku ya mwisho Masunga alirudi kazini. Generosa aliona ndiyo saa yake. Jirani yao Bi Kazija, mama mwembamba aliyelima mwani, alikuwa anashuka ufukweni na kamba zake begani. Maji yalikuwa yametoka, yameacha mchanga mweupe na vidimbwi mpaka mbali sana, na wanawake wameinama huko kama waotesha mpunga, wanafunga mwani kwenye vijiti.

"Bi Kazija, naja na wewe."

"Njoo, mwanangu. Lakini tukirudi, turudi sote."

Walikwenda mpaka hoteli ya Masunga ikawa ndogo kama kiberiti. Hapo Generosa alipata anachokitaka: dimbwi refu, la kina cha kifua, maji maangavu. Alivua gauni lake la kanisani, akalikunja, akaweka viatu juu yake na kilemba juu ya viatu, vyote juu ya tuta la mchanga mkavu. Akabaki na shimizi na kanga moja. Akaingia.

Wacha alale chali. Masikio ndani ya maji, tumbo juu, mawingu ya Unguja yanapita. Hakuna ndoo, hakuna kwaya, hakuna mkwe. Alikuwa tena na umri wa miaka kumi na miwili na bibi yake anamwita fisimaji. Alicheka peke yake mpaka akanywa chumvi.

"Mwanangu!" Bi Kazija aliita baada ya muda. "Twende, maji yanajaa!"

Generosa aliinua kichwa. Kulikuwa kukavu kote.

"Bi Kazija, mimi nimezaliwa ziwani! Maji hujaa masika, tena masika yenyewe iwe kubwa. Hayajai kati ya chai na chakula cha mchana!"

"Ziwani kwenu, labda. Haya ni ya hapa!"

"Tangulia, nakuja!"

Bi Kazija alitangulia, akitikisa kichwa. Na Generosa akalala tena chali, mwenye hekima yote ya Karema.

Alipoinuka, tuta la mchanga halikuwapo. Alidhani amesogea yeye. Akatafuta viatu, akaona kimoja kinasafiri taratibu kwenda zake, na gauni la kanisani limevimba juu ya maji kama paroko anayeondoka kwa hasira. Pale alipokuwa amesimama mwanzo maji yakiwa kifuani, sasa miguu haikufika chini. Kati yake na kijiji, ule mchanga wote aliotembea umekuwa bahari.

Hakuogopa kuzama. Umbali ule ni kitu gani? Angeogelea akafika bado ana pumzi ya kugombana na mtu. Aliogelea kweli, akajongea, mpaka akapata fungu la mchanga ambapo maji yalimfika shingoni, pamebaki kipande kidogo tu. Akatazama ufuo. Ndipo akaogopa.

Bi Kazija alikuwa amesimama pale anapiga yowe na mikono kichwani. Na kutoka hotelini alikuwa anakuja mbio mtu mrefu mwenye koti la ulinzi la kaki.

Generosa alijitazama. Shimizi. Kanga nayo ilishaondoka, hakujua saa ngapi. Akazama mpaka kidevuni.

"Bi Kazija!" alipiga kelele. "Mwambie arudi! Mwambie mimi mzima!"

"Anasema hawezi kurudi!" Bi Kazija alijibu. "Anasema atamweleza nini bintiyo!"

"Mwambie nakaa hapa mpaka maji yatoke!"

"Yatatoka usiku, mwanamke wewe!"

Masunga alisimama kwenye ukingo wa maji. Alivua koti lake, akalinyoosha nyuma ya mgongo kama mtu anayemvisha mwenzake. Kisha, hili Bi Kazija alilisimulia kijijini kwa miaka, aligeuka akaipa bahari kisogo, akaanza kuingia majini kinyumenyume. Hatua moja. Hatua nyingine. Macho yake kwenye minazi, midomo inasali, maji kiunoni, maji kifuani, koti linaelea nyuma yake kama mkia.

"Mwambie asimame!" Generosa aliita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikumbuka yale meno ndani ya mashua. "Hajui kuogelea! Bi Kazija, mwambie, kuna shimo hapo! Mwambie!"

"Kulia, baba! Nenda kulia!" Bi Kazija aliita. Lakini kulia kwa mtu anayetembea kinyumenyume ni wapi? Masunga alikwenda kushoto. Kichwa kikazama, na koti likabaki juu peke yake.

"Masunga!"

Jina lilitoka lote, zima, mbele ya Mungu na minazi. Miaka mitatu halijawahi kupita kwenye kinywa kile. Generosa aliruka kama samaki, kwa mapigo matatu manne ya mikono akafika, akapiga mbizi, akashika ukosi wa shati, akavuta. Kichwa kilitokea, kikameza hewa, kikataka kumshika shingo kwa woga.

"Acha kunishika! Lala! Masunga, lala chali kama mzigo, nitakuvuta!"

Masunga akalala. Mama mkwe alimvuta kwa ukosi mpaka miguu ilipogusa mchanga, akambwaga ufukoni kifudifudi, akampiga mgongoni makofi mawili, moja la kutoa maji na moja la hasira. Halafu akakumbuka shimizi. Alilinyakua koti la kaki lililoletwa na wimbi, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka kooni.

Upendo alifika anakimbia, mtoto mgongoni. Alimkuta mume wake anatapika bahari, na mama yake amesimama na koti la ulinzi, maji yanachuruzika, kama mlinzi mpya aliyeajiriwa asubuhi ile.

Masunga, uso bado mchangani, alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Upendo. Mwambie mama anisamehe. Nimemkosea heshima. Nitatoa mbuzi."

"Mwambie mwenye nyumba..." Generosa alianza. Akasimama. Alimtazama binti yake ambaye alikuwa ameuma kanga asicheke, akamtazama mjukuu, kisha akamtazama yule mtu pale chini. Alikuwa na sikio moja dogo kuliko jingine, na kovu la zamani kidevuni. Kijana wa watu. Aliingia kwenye maji anayoyaogopa kuliko simba, na bado alikumbuka kugeuza uso.

"Masunga," alisema, "nyamaza kwanza upumue. Mbuzi tutamjadili ukiwa mzima."

Usiku ule Masunga alilala nyumbani kwake, ndani, juu ya godoro lake. Generosa ndiye aliyetoa amri.

*

Nsemulwa aligawa karafuu na iliki, akapanga makombe kwenye kabati, akawasimulia majirani habari za kobe, urojo, na wageni walioanikwa. Alipoulizwa kama aliogelea alisema bahari ina chumvi nyingi. Alipoulizwa gauni la kanisani liko wapi alisema huko joto ni kali. Marsela alisikiliza yote, akakunja midomo, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Krismasi ilipokaribia, Masunga alikuja na mkewe na mtoto, kwa likizo. Watoto wa mtaa walimwona tangu kwenye kona ya reli akivuta mbuzi mweupe aliyempitia kwao Usevya, na habari ikatangulia. Majirani walitoka vibarazani. Marsela aliacha vitumbua kwenye mafuta, akaja akasimama upande wa shamba la mihogo, ili ashuhudie vizuri.

Mlango wa uani haukufunguka. Generosa alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba anachambua mchele, kanga begani, kichwa wazi. Aliendelea kuchambua. Masunga alifika, na kwa mazoea akaanza kugeuka awape watu mgongo.

"Masunga," alisema Generosa, kwa sauti iliyofika bombani, "karibu. Huyo mbuzi mfunge pale, na wewe ukae. Usikae karibu sana."

Masunga alikaa kwenye kigoda cha pili, amekaa upande, hampi uso wala mgongo, na masikio yake yote mawili, dogo na kubwa, yalikuwa yamewaka.

"Shikamoo, mama," alisema, macho kwa mbuzi.

"Marahaba, mwanangu. Safari?"

Marsela hakuweza kuvumilia. Alivuka kutoka mihogoni, mikono kiunoni.

"Mama Upendo! Unaumwa miguu? Mbona hukimbii?"

Generosa alipuliza makapi kwenye ungo, taratibu, yakamwangukia Marsela miguuni.

"Nilikimbia, shoga. Nilikimbia kama ulivyosema stesheni, nikafika ulikoniambia nitafika."

"Wapi?"

"Majini. Kaa chini nikueleze, lakini kwanza kaepue vitumbua vyako, vinaungua. Na ukirudi, uje na sahani. Leo tunachinja, na zangu hazitoshi."